Gombaneni Kidogo Humu Ndani

Ulikuwa mwaka ule soko kuu lilipoungua. Hapana, nakosea. Soko liliungua mwaka uliotangulia. Mwaka ninaousema mimi ndio lilikuwa likiezekwa upya, maana nakumbuka mabati yote ya mjini yalikuwa yamekwenda huko, na mtu aliyetaka nyumba hakuwa na la kufanya ila kununua iliyokwisha kujengwa. Kwa hiyo madalali walineemeka. Hata waliokuwa wakiuza mbuzi jana yake waliamka asubuhi wakajiita madalali wa nyumba.

Katika hao wote, mwenye jina alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mgeni. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia, hata mumewe. Alivuka mpaka akiwa msichana, yeye na mama yake mdogo, kwao kulipochafuka, wakaingia mjini na godoro moja na sufuria lenye masizi ya jiko la huko walikotoka. Lugha aliijua, ila aliivuta mwishoni, kama mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe mtoto. Ndipo wakamwita Mgeni. Miaka ikaenda. Waliompa jina hilo wengine walihama, wengine walikufa, wakaja wapya wasioijua hata njia ya kwenda posta, nao wakawa wanaulizia mitaani: "Mgeni anapatikana wapi? Tumeambiwa ndiye anayeujua mji."

Baba yake, huko kwao, alikuwa mlinzi wa nyumba za watu. Familia nzima ililala katika kile chumba cha langoni, na mwenye nyumba akiuza, au akiamka vibaya tu, walifungasha virago wakahamia lango lingine. Mgeni alikua hivyo, akizijua nyumba kubwa kwa nje. Labda ndiyo maana miguu yake haikujua kutulia. Ukimkaribisha kiti, alikalia ukingo. Chai aliinywa akiwa amesimama, mkoba begani, na ndani ya mkoba funguo za nyumba za watu zikigongana kila alipogeuka. Ulimsikia kabla hujamwona.

Kazi ya nyumba aliianza na ndoo na tambara. Palikuwa na dalali mmoja mnene, mpole, akiitwa Mzee Kesho, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Alimwajiri Mgeni kupiga deki nyumba tupu kabla wateja hawajaletwa. Sasa anayepiga deki nyumba tupu hujionea mengi: maji yanatuama wapi, sisimizi wanatokea wapi, ukuta gani unatoa jasho. Siku moja mteja akafika, Mzee Kesho hayupo, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Wewe ndiye dalali?" mteja akauliza.

"Mimi ndiye tambara," Mgeni akajibu. "Lakini pita uone."

Akamtembeza. Akamwambia kona ile inavuja, na jikoni moshi hurudi ndani upepo ukigeuka, lakini maji ya bomba hayakatiki na jirani ni mtu wa watu. Mzee Kesho alipofika, anahema, nyumba imekwisha kupata mtu.

"Umemwambia inavuja?" akauliza, macho yamemtoka.

"Nimemwambia."

"Na ameichukua?"

"Ameichukua. Anasema shemeji yake ni fundi wa mabati."

Mzee Kesho akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi, mwanangu, kuanzia kesho tutakuwa..."

"Kuanzia leo, mzee," Mgeni akamkata. Na ikawa leo.

Alipokuja kusimama peke yake, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo iliyompa sifa. Kabla hajamwonyesha mtu nyumba, alikwenda kwanza kwa jirani kuomba kiberiti. Hakuwa na haja ya kiberiti. Mkoba wake ulikuwa umejaa viberiti vya watu. Alitaka kuona jirani anavyofungua mlango. Na wateja wakiwa mke na mume, wakishaipenda nyumba, wameshaanza kusema kitanda kitakaa hapa na kabati pale, aliwaambia: "Haya, sasa gombaneni kidogo humu ndani." Kisha akatoka, akaenda kusimama upande wa jirani, akatega sikio.

Wako watu wawili, fundi bomba na mkewe muuza dawa, harusi yao bado mbichi, waliopelekwa hivyo.

"Tugombane?" mume akashangaa. "Tugombanie nini, mama? Sisi hata godoro bado jipya."

"Kupendana mtapendana popote, hata stoo. Kugombana ndiko kunakotaka ukuta. Mkikosa pa kuanzia, anzeni na mama mkwe."

Wakaanza kwa kucheka. Mama yako anapika chai kama dawa ya minyoo. Na wako je, anayeingia chumbani bila hodi? Kicheko kikaenda kikipungua, na Mgeni aliporudi alimkuta mke anafuta macho, mume anauchunguza ukuta kana kwamba umeandikwa kitu.

"Hii hapana," Mgeni akasema. "Nimesikia yote, mpaka habari za ile simu. Twendeni, ipo nyingine ya mawe."

Walichukua ya mawe, na wamo humo mpaka leo, wanagombana kwa raha zao.

Wengi waliomfuata walikuwa watu waliokuja kama alivyokuja yeye: wapishi wa hoteli, washona viatu, wauguzi wenye lafudhi za kila namna, watu waliozoea kubisha mlango wa mwenye nyumba kwa kidole kimoja. Aliwafundisha kubisha kwa ngumi. Aliwaambia wasiogope kumwuliza wakili swali mara mbili, kwani ndiyo kazi yake na amesomea. Siku ya kukabidhi ufunguo aliusukumiza mkononi mwa mwenyewe, akasema, "Hongereni," neno hilo hilo siku zote, akaondoka kabla hajakaribishwa ndani. Watu walidhani ana shughuli nyingi. Shughuli alikuwa nazo, lakini hata asingekuwa nazo angeondoka.

Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mtaratibu, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko, na kwa hiyo tumwite Fundi kama walivyomwita wote. Fundi na Mgeni na binti yao walihama kama paka mwenye watoto. Nyumba hii bawaba zinalia. Ile dari ina harufu. Hii nyingine jirani anapiga chafya kama bunduki. Mgeni hakuweza kuingia nyumba bila kuikagua, na hakuweza kuikagua bila kuona kitu. Binti yao alipoulizwa shuleni anakaa wapi, alimwuliza mwalimu, "Leo?" Na mapazia, maskini, yalikatwa na kukatwa tena kufuata madirisha. Ila Fundi kila alipoyashona aliacha upindo mpana chini, upana wa kiganja kizima, kwa ajili ya dirisha lijalo, ambalo pengine lingekuwa refu zaidi.

Mwaka huo wa mabati walikuwa wakihama kwa mara nyingine, wamebeba cherehani wawili, Fundi mbele, Mgeni nyuma.

"Mke wangu," Fundi akasema bila kugeuka, "chombo hiki kimezeeka kwa kubebwa, si kwa kushona. Mji mzima umeupa paa. Sisi je?"

"Nikiipata isiyo na kasoro."

"Mimi nina kasoro, na ulinichukua."

"Wewe nilikuchukua kabla sijakukagua."

Mgeni akacheka. Fundi hakucheka. Aliuweka upande wake wa cherehani chini, katikati ya njia, watu wanapita kushoto na kulia. "Nakwambia mbele ya walimwengu," akasema. "Nahama leo, na nitahama mara moja tu nyingine. Na hiyo iwe kwetu. Baada ya hapo, wewe hama, mimi utanikuta."

Mgeni alimfahamu mumewe. Mtu ambaye hapandishi sauti, akisema jambo amelipima. Akapiga moyo konde, akaanza kuitafuta nyumba yao kwa jicho alilowatafutia wengine, na moyo wake haukutulia hata kidogo. Akila, anasikia bomba linadondoka kwa mtu. Akizungumza na mteja, anamhesabia nyufa ukutani.

Akaipata mwishoni mwa uchochoro, nyuma ya mashine ya kusaga. Ilikuwa ya mkunga mmoja mstaafu, bibi aliyekula chumvi nyingi, aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Nyumba yenyewe ya kawaida tu: vyumba vitatu, jiko lenye milango miwili, ua wenye bomba. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo hukulikuta kwingine. Haikuwa na ngazi wala kizingiti. Kutoka uchochoroni mpaka chumba cha ndani kabisa, sakafu ilikuwa moja, laini kama kiganja. Mkunga aliijenga makusudi, kwa sababu alikuwa akiletewa wanawake saa zote, na hakutaka mwenye uchungu anyanyue mguu.

Mgeni alifungua mabomba yote. Akagonga kuta. Akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Akanusa makabati.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Mkunga akamwuliza.

"Kasoro, mama."

"Na ukiikosa utaniitia polisi?"

Aliikosa. Jioni akamleta Fundi. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha mbele, akachuchumaa, akaangalia mwanga unavyoangukia mkono wake wa kushoto, mkono wa kushikia kitambaa. Alivuta utepe shingoni, akapima dirisha.

"Haya, gombana nami," Mgeni akamwambia.

"Siwezi. Nimefurahi."

"Basi piga kelele yoyote." Akatoka, akaenda ukutani kwa jirani. Aliporudi alimkuta Fundi anaimba kwa sauti yote, shingo imemtoka mishipa, na nje hakuwa amesikia kitu.

Wakakubaliana na Mkunga. Akiba yao ilitosha, ya cherehani na ya funguo. Siku ya kwenda kwa wakili ikawekwa, mwisho wa mwezi, na Mkunga akamwachia Mgeni ufunguo apate kufagiafagia. Fundi akanunua kitambaa kipya cha mapazia, rangi ya maziwa, akakitandika mezani. Mgeni akasimama mlangoni na kikombe chake, akamtazama anavyopitisha mkasi.

"Hukuacha upindo," akasema.

"Wa nini?"

Mgeni akaiacha chai nusu. Akasema kuna mteja anamsubiri, akatoka, akazunguka mtaa mzima akarudi. Hakukuwa na mteja.

Wiki hiyo hiyo akapata mteja wa kweli, dereva wa lori, naye ametoka nje ya mpaka, mwenye mikono minene na adabu nyingi. Alitaka nyumba ya kuishi na mama yake. Mama alikuwa na magoti mabovu, anatembea na fimbo. Mgeni aliwapeleka kuona nyumba iliyokuwa jirani na mashine ya kusaga, nzuri, ila mbele ina ngazi. Bibi huyo akaziangalia zile ngazi kama mtu anayeangalia mlima.

"Mwanangu anaendesha lori lenye magurudumu chungu nzima," bibi akasema, "lakini mimi nimemshinda kunipandisha."

"Mama, nitakubeba," dereva akasema.

"Unibebe mpaka lini? Mpaka na wewe magoti yako yaharibike?"

Jua lilikuwa kali. Bibi akaomba pa kukaa na maji kidogo. Mgeni, ambaye alikuwa na ufunguo wa Mkunga mkobani, akawachukua hatua chache mpaka mwisho wa uchochoro, akafungua, wapate kivuli tu. Hilo ndilo alilokuwa nalo moyoni, au ndilo alilosema baadaye alikuwa nalo.

Bibi alifika mlangoni akatanguliza fimbo, akitafuta kizingiti. Fimbo haikukuta kitu. Akaisogeza mbele. Haikukuta kitu. Akaingia, polepole, mguu baada ya mguu, hakunyanyua hata mmoja.

"Hapa hakuna ngazi," akasema.

"Hakuna," Mgeni akasema. "Na bafuni pia sakafu ni hiyo hiyo, mama, pita uone. Na mlango wa jikoni unafunguka kwa nje, hutausukuma. Maji hayakatiki. Jirani wa huku ana wajukuu, jirani wa kule ni kiziwi, Mungu ambariki..."

Mdomo ukachukua njia yake. Alikuwa mbele yao anatembea, anafungua hiki, anafunga kile, funguo zinalia. Dereva nyuma yake anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Bibi anagonga ukuta kwa fimbo. Walipomaliza, Mgeni akasema, kama alivyosema maelfu ya mara, "Haya, sasa gombaneni kidogo humu ndani," akatoka.

Alikuwa amesimama upande wa jirani, sikio ukutani, ndipo alipokumbuka kwamba nyumba ile ni yake.

Akabandua sikio, akalibandika tena. Upande wa ndani kimya kabisa, ukuta umemeza kila kitu. Akarudi mbio na neno lake tayari mdomoni: samahanini, nimekosea, hii ina mwenyewe. Akamkuta bibi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, palepale dirishani alipochuchumaa Fundi, anacheka na mwanawe, fimbo ameilaza sakafuni kama mtu aliyefika.

"Tumegombana vizuri sana," bibi akasema. "Amenitukana vyakula vyangu vyote. Mwanangu, tunaichukua."

Na Mgeni akasema, "Hongereni."

Siku zilizofuata hakushikika. Aliwapeleka watu kuona nyumba ambazo hawakuziomba. Alivaa viatu visivyofanana akaenda navyo mpaka mchana. Nyumbani alikuta mapazia yamekwisha, yamekunjwa, yamewekwa ndani ya mfuko juu ya kabati, na Fundi anapiga mluzi. Akashindwa kusema.

Akamwendea Mkunga.

"Mama, nimekuletea mnunuzi mwingine."

Mkunga akamtazama kwa muda, kama alivyowatazama wanawake wengi waliosema uchungu bado. "Mimi hatia sina," akasema. "Kwa wakili sijatia kidole. Aliyekuja kwanza ni mumeo, na yule dereva hajanipa kitu zaidi ya salamu. Neno ni lako. Siku ile niambie nimpe nani, nitampa."

Basi akaamua kwenda kwa dereva, aseme ukweli, ayamalize. Walikuwa wamepanga ghorofani, juu ya duka la rangi. Alipofika chini ya ngazi alimkuta dereva anashuka, mama yake mgongoni, wanakwenda hospitali. Alishuka kinyumenyume, anapapasa kila ngazi kwa kidole cha mguu, jasho linamchuruzika, na bibi huko juu anamwongoza kama lori: "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto. Simama!" Walipomwona Mgeni, bibi akapunga fimbo.

"Mama Funguo! Unajua nafanya nini siku hizi? Natembea chumbani, ukuta kwa ukuta. Nafanya mazoezi ya kwenda bombani mwenyewe."

"Vizuri, mama," Mgeni akasema. "Vizuri sana." Akawashikia mlango wa gari, akaondoka shingo upande.

Jioni hiyo akamwambia Fundi. Alimwambia yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama.

"Umewauzia?" Fundi akauliza.

"Kwa mdomo tu."

"Mdomo ndio kazi yako! Mji mzima unanunua kwa mdomo wako!"

"Ulinitoka wenyewe."

"Ulikutoka? Kama kikohozi?" Fundi naye alikuwa amesimama, na sauti yake, ambayo binti yao hakuwahi kuisikia ikipanda, ilipanda mpaka ikakatika. "Nimepima! Nimeshona! Nimekaa nikaota kama mtoto mdogo! Na wewe unawafungulia watu mlango, unawaambia jirani ni kiziwi!"

Ukuta wa kushoto ukagongwa. "Fundi ana haki!" akasema muuza magazeti aliyepanga upande ule.

"Na Mgeni naye asikilizwe!" akajibu mke wa mwashi kutoka ukuta wa kulia. "Mwacheni amalize! Mwanamke hajamaliza!"

"Atamaliza nini, kauza nyumba!"

"Wewe umeuza nini maishani mwako zaidi ya habari za jana?"

Fundi akakaa. Alikaa polepole juu ya kiti cha cherehani, mikono magotini. "Unaona?" akasema, sasa kwa sauti ndogo, hata kuta zikanyamaza zipate kusikia. "Hata pa kugombania hatuna."

Mgeni akageuka, funguo zikagongana mkobani.

"Mimi sikuchagulii," Fundi akasema. "Kwa wakili sema utakalosema. Lakini nitakuwepo."

Siku ikafika. Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja chenye feni inayogeuza shingo na viti vya kila aina. Wakili mwenyewe alikuwa na mafua. Mkunga alikaa karibu na meza. Dereva alimshusha mama yake kitini, akamwekea fimbo mkononi. Hakujua kitu, wala mama yake hakujua. Walivaa nguo za sikukuu. Fundi alikaa mwisho kabisa, shati limepigwa pasi, mfuko wa mapazia mapajani. Mgeni alisimama mlangoni, kama kawaida.

"Muuzaji namwona," wakili akasema, akapenga kamasi. "Mnunuzi ni nani?"

Dereva akanyanyua mkono nusu, kisha akaona hakuna anayemtazama yeye. Mkunga alikuwa anamtazama Mgeni. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Feni ikageuka huku, ikageuka kule.

"Dalali," wakili akasema, "wewe ndiye unayejua. Niandike nani?"

Mgeni alikuwa na neno moja tu la kusema, na jina lolote kati ya yale mawili lingekubaliwa. Aliingiza mkono mkobani, akazikamata funguo zote kwa ngumi zisilie.

"Andika huyu mama," akasema. "Huyu mwenye fimbo."

Mkunga akashusha pumzi ndefu. Kalamu ya wakili ikaanza kwenda. Fundi akasimama, na Mgeni akamfungulia njia mlangoni, akijua anatoka, akijua pia hatakuwa na la kumwambia akitoka. Lakini Fundi hakwenda mlangoni. Alikwenda kwa bibi, akamwekea mfuko mapajani.

"Mama, haya ni ya madirisha yale," akasema. "Hayawezi kufaa madirisha mengine."

Bibi akafungua, akapapasa kitambaa, akakipeleka shavuni. "Vipimo umevijuaje?"

"Mimi ni fundi."

Dereva alikuwa anamtazama Fundi, kisha Mgeni, kisha Fundi tena, na ilionekana jambo linaanza kumwingia. "Kaka," akasema, "mbona..."

"Hongereni," Fundi akasema, akatoka.

Mgeni akamfuata. Waliotembea nao njia moja siku hiyo wanasema ndiyo mara ya kwanza kumwona Mgeni anatembea nyuma ya mtu, tena kwa mwendo wa huyo mtu.

Fundi hakumwacha mkewe, kama wengine walivyotabiri. Alichofanya ni kwenda dukani akanunua boliti, akarudi, akaipigilia cherehani sakafuni kwa miguu yake yote. Mwenye nyumba alipoona alishika kichwa.

"Fundi! Umenitobolea sakafu!"

"Nitakuzibia siku ya mazishi yangu."

Na hawakuhama tena. Vyumba ni vile vile, kuta ni zile zile za kusikilizana, isipokuwa muuza magazeti alipata nyumba yake, na ni Mgeni aliyempatia. Binti yao aliolewa akitokea hapo hapo. Mgeni alifungua ofisi ndogo yenye benchi ambalo hajapata kulikalia, na watu wa kila lafudhi wanapanga foleni mpaka barabarani. Habari ya nyumba yao wenyewe hakuigusa tena, wala Fundi hakumkumbusha. Wanaishi vizuri, wanataniana. Ila Mgeni bado hunywa chai akiwa mlangoni.

Mwaka jana nilimpelekea Fundi suruali anipunguzie kiuno, maana nimekonda. Walikuwepo wote wawili, yeye kwenye cherehani yake iliyoota mizizi, mkewe na kikombe na mkoba. Tulizungumza haya na yale. Mtu akizeeka huuliza mambo ambayo vijana huyaonea haya, na mimi nikawauliza. Fundi akatia pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni hawezi kusema. Mgeni akachungulia chai yake, akasema kuna mteja. Nilimwuliza mmoja mmoja baadaye, nikamwuliza Mkunga kabla hajafa, nikamwuliza hata binti yao, na kila mmoja akanielekeza kwa mwingine. Nilitaka kujua neno moja tu: yule dereva asingepita siku ile na mama yake, mngehamia?